Maji, Chokaa na Kuta za Mji Mkongwe

Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafariki dunia. Jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, lilikuwa limestahimili hata mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Kuhukumu sababu ya siku ile ni kazi ya wachunguzi. Lakini tabia ya majengo ya mawe na chokaa ni maarufu kwa wataalamu, nayo yastahili kuelezwa.

Chokaa hupatikana kwa kuyachoma mawe ya matumbawe hata yakatoa hewa ya ukaa, kisha huzimwa kwa maji, na ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ile polepole, miaka kwa miaka, mpaka ikarejea kuwa jiwe. Ukuta wake ni mnene, ila baina ya nyuso zake mbili mna kifusi kilichoshindiliwa, ambacho nguvu zake zategemea ukavu. Paa likivuja, maji hushuka humo, huilainisha chokaa, na huziozesha ncha za boriti za mikandaa pale pale zilipozama ukutani, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki. Chuma nacho, ambacho Barghash alikitumia apate kumbi pana kuliko urefu wa boriti unavyoruhusu, kikishika kutu huvimba, na kutu hiyo huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilicholiwa, ikaupasua ukuta.

Kisha huja dawa iliyo mbaya kuliko maradhi. Fundi akiona lipu imebambuka hupiga saruji, kwa kuwa ni ngumu na hushika upesi. Lakini chokaa hupitisha mvuke na saruji huuzuia, basi unyevu hubaki ndani, na chumvi huganda nyuma ya lipu ikiyamung'unya mawe, hali uso wa nje waonekana salama salimini. Kwa rai yangu, lipu hiyo nzuri ni ya kuogopwa kuliko ufa, maana ufa walau humtahadharisha mtu.

Ndiyo sababu mhandisi mwenye busara hugongagonga ukuta akisikiliza palipo wazi, hufukua ncha za boriti, na hubandika kigae cha kioo juu ya ufa aone kama kitavunjika. Na kabla ya kung'oa hata jiwe moja huweka nguzo za kutegemeza, kwani ukuta uliokwisha kuchoka huenda wasimama kwa kuegemea ule wa pili tu, na huo ukiguswa, mzigo wote hutafuta njia nyingine ya kuteremkia.