Kusikiliza ni kazi ya kufundishwa

Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliokuzwa na reli, na treni zinapokwama nyumba nyingi hukwama pamoja nazo. Familia za wafanyakazi wa SNCC, shirika la reli la taifa, zimepitia vipindi virefu vya mishahara kutolipwa, na mshahara ukikatika ugomvi hauishii kwenye fedha. Baba hushinda kwenye pombe, mama hubeba nyumba nzima kwa kibanda chake cha sokoni, na mtoto yatima au wa kambo huanza kutazamwa kama aliyeleta nuksi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imeweka adhabu. Lakini sheria hufika mtoto akiwa amekwisha kufukuzwa. Anahitajika mtu wa kufika mapema na kusikiliza, mshauri wa mtaani, naye si lazima awe mwanasaikolojia.

Ushahidi ninaoutegemea umetoka Kongo hii hii. Huko mashariki mwa nchi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, pamoja na shirika la misaada la IRC, waliwafuatilia wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa kijamii wenye miaka michache tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Vijiji vingine vilipewa msaada wa kawaida: mwanamke akitaka kuzungumza, anasikilizwa. Vingine vilipewa vikao 12 vyenye mpangilio, karibu vyote vya kikundi. Humo mwanamke hutaja wazo linalomkaba, mathalani “kosa ni langu mimi”, kisha huulizwa hatua kwa hatua: nani alikuwa na silaha, wewe ungeweza kufanya nini, ungemwambia nini dada yako yakimpata hayo? Wasiojua kusoma walijifunza maswali hayo kwa kichwa. Miezi sita baada ya vikao, waliokuwa bado na dalili za kiwango cha kuashiria sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Upande wa msaada wa kawaida, asilimia 42.

Tofauti hiyo haikuletwa na huruma, maana huruma ilikuwapo pande zote mbili. Wala haikuletwa na diploma. Ililetwa na utaratibu uliofundishwa na kusimamiwa wiki hadi wiki. Ni kweli kwamba utafiti ule haukuhusu ugomvi wa nyumbani wala baba aliyekosa mshahara, na sidai kwamba vikao vile vihamishwe Kamina kama vilivyo. Ninachokichukua ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kufanya kazi hii vizuri akifundishwa, na kwamba asipofundishwa, wema wake haufiki mbali.

Wapo watakaosema baraza la ukoo linatosha. Nalo linajua kusuluhisha mahari na mirathi, tena kwa gharama ndogo. Ila penye tuhuma ya uchawi wazee hao hao huwa upande mmoja, na mtoto hana wa kumsemea. Wengine watasema mwenye njaa hali ushauri. Hilo nalikubali kabisa, na ndiyo sababu mshauri hapaswi kuwa mbali na kikundi cha akiba, kituo cha afya na ofisi ya mambo ya kijamii. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la siri: katika mtaa ambamo kila mtu anamjua mwenzake, maneno ya kikaoni yakivuja, mwanamke atapigwa kwa kuyasema. Kwa hiyo mshauri asipangiwe barabara anayoishi, na anayevunja siri aondolewe bila kubembelezwa.

Watu wa kufundishwa kazi hii wapo: wajitolea wa afya wa mitaani, akina mama wa parokia za Kikatoliki na wa Kanisa la Methodisti, lenye mizizi mirefu Kamina. Kinachokosekana ni msimamizi wa kukaa nao, kusikia kesi ngumu na kuwapeleka hospitali au mahakamani wale ambao kikao hakiwatoshi. Bajeti ianze na posho yake, pikipiki yake na siku yake ya kila wiki. Semina zihesabiwe baadaye.