Toba Isiyokwisha

Yupo mtu katika usharika wako ambaye kila wito wa toba unapotolewa, anakwenda mbele. Labda umeshamcheka. Mimi nilimchoka.

Nikiwa mzee wa kanisa huku Kyela, upande wa Matema, binti mmoja wa kwaya alinisubiri nje kila baada ya ibada. "Baba, nimemkufuru Roho Mtakatifu. Mungu atanisamehe?" Namjibu atakusamehe, namsomea 1 Yohana 1:9, tunaomba. Sijafika hata barabarani, ananikimbilia: labda hakuungama vizuri, turudie. Mama yake alisema akikosea neno moja la sala huanza upya, hata wali uungue jikoni. Watu wakasema ana pepo. Akaombewa usiku kucha, mara tatu. Akazidi.

Mpendwa, huo ni ugonjwa, na madaktari wanaufahamu. Wazo asilolitaka humvamia mtu na kumtia hofu, naye hujiona hana budi kufanya jambo fulani ili atulie: kunawa mikono, kukagua mlango, kuhesabu, kutubu. Utulivu haudumu, anarudia. Watu kama wawili katika kila mia hupatwa nao wakati fulani maishani, wengi wakianza utotoni au ujanani. Huonekana zaidi kwa wenye usonji, na ndiyo sababu watafiti wengi huyachunguza kwa pamoja. Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, wakishirikiana na Cape Town, wanachunguza vinasaba vya watoto ambao ubongo wao umekua kwa namna tofauti. Hawatafuti wa kulaumiwa. Wanafunzi walipomtafuta wa kulaumiwa kwa upofu wa mtu, Yohana 9 inaonyesha Bwana hakuwafuata huko.

Usidhani basi kwamba imani ya binti yule ilikuwa haba. Ukiipenda Safari ya Msafiri, jua kwamba mwandishi wake, John Bunyan, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1666 jinsi alivyoteswa muda mrefu na wazo la kumuuza Kristo, wazo alilolichukia.

Miaka 300 baadaye, mwaka 1966, Victor Meyer wa London aliandika habari za wagonjwa wawili, mmoja wao akisumbuliwa na mawazo ya kukufuru. Waliachwa wakabiliane na hofu yao, huku wakizuiwa kufanya yale ya kuituliza. Hofu ikapungua. Tiba hiyo ingali inatumika, na dawa za hospitali zipo pia.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kila nilipomwambia "umesamehewa", nilikuwa natia kuni motoni.

Tulipanda basi pamoja na mama yake, kupitia Tukuyu hadi Mbeya, kumwona daktari wa afya ya akili. (Nauli ilichangwa na kwaya, hilo nalisema kwa fahari.) Mengine alimfundisha yeye, nami alinipa kazi moja: nisimjibu tena swali lile, na binti mwenyewe aliridhia mbele yangu.

Jumapili iliyofuata akaja. "Baba, atanisamehe?" Nikamwambia, "Mwanangu, hilo tulikubaliana silijibu." Akalia. Tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa, kimya, mpaka wauza samaki walipopita kutoka ziwani, naye akainuka kwenda kumnunulia mama yake mboga.