Ruvuma Haikukata Ukoo

Rasi ya Korea na nchi ya Wamakonde ziligawanywa na wageni juu ya ramani. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana mto Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao, na Wamakonde wa Newala, Tanzania ya leo, wakahesabiwa raia wa Berlin, huku ndugu zao wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya mto, wakihesabiwa wa Lisbon. Agosti 1945 maofisa wawili wa jeshi la Marekani walikaa na ramani ya National Geographic wakakata Korea katikati kwenye latitudo ya 38. Huku wala kule hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Matokeo yake, hata hivyo, hayafanani kabisa. Kutoka Newala watu wamekuwa wakivuka kwenda kuzika, kuoza na kucheza ngoma kwa ndugu zao wa Msumbiji, na wa huko wakija huku. Korea Kusini, watu zaidi ya 130,000 walijiandikisha tangu mwaka 1988 wakiomba kuonana na jamaa zao wa Kaskazini. Wengi wao wamekwisha kufa, na mara ya mwisho serikali hizo mbili kukutanisha familia ilikuwa Agosti 2018. Ukilitazama umbo tu, ungetarajia kinyume. Wakorea wana lugha moja, na walikaa chini ya dola moja kwa karne nyingi. Wamakonde hawakuwahi kuwa na mfalme wala dola. Kila kijiji kilikuwa na mzee wake, na kila mzee alikuwa na kiburi chake.

Hoja yangu ni kwamba kukosa dola ndiko kulikowaokoa Wamakonde, kwa sababu umoja wao haukuwekwa mahali ambapo serikali ingeweza kuugawa. Uliwekwa katika ukoo wa mama na katika jando na unyago. Kwa mila, mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Ukoo wa namna hiyo hauna makao makuu. Dada mmoja akiolewa Mueda na mwingine akabaki Newala, watoto wao wote ni wa ukoo ule ule, na hakuna afisa wa boma anayeweza kuwafuta, kwa kuwa hakuwaandika yeye. Korea mambo yalikuwa tofauti. Ukoo ulikuwa na kitabu chake cha nasaba, na dola ilizoea karne nyingi kuupima utu wa mtu kwa ukoo wake. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 kila serikali ilidai kuwa ndiyo Korea yenyewe, na undugu ukageuzwa ushahidi. Kaskazini ilipanga familia kwa madaraja ya uaminifu yanayoitwa songbun, na mwenye jamaa aliyekimbilia Kusini akarithisha doa hilo kwa wajukuu. Kusini nako, kwa miaka mingi, aliyekuwa na ndugu aliyehamia Kaskazini aliweza kunyimwa kazi za serikali. Watu wakajifunza kuwataja ndugu zao kwa kunong'ona, na wengine wakaacha kuwataja.

Jando linaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Hufanywa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, majira yale yale ambayo maji ya Ruvuma hupungua na michanga ikatokeza. Wavulana hutengwa porini, hutahiriwa, hufundishwa heshima na siri za wakubwa, na siku ya kutoka kijiji kizima hukesha kwa ngoma. Hapo ndipo hutokea midimu, wachezaji waliovaa vinyago, ambao kwa wanawake na watoto husemwa kuwa ni wafu waliorudi kusherehekea. Upande wa Msumbiji kinyago chenyewe, lipiko, ni kichwa kizima cha mti mwepesi kinachovaliwa kama kofia: kimebandikwa nywele za mtu, chale za uso zimechorwa kwa nta, na mchezaji anachungulia kupitia mdomo. Upande wa Newala kinyago ni cha uso tu, na pamoja nacho huweza kuvaliwa kiwiliwili cha mwanamke mjamzito kilichochongwa, tumbo limetokeza na maziwa yamesimama, akiwa amekivaa mwanamume. Nimeona watu wakiitumia tofauti hii kama hoja dhidi ya umoja: tazama, hata vinyago havifanani, na wa Msumbiji wengi ni Wakatoliki hali wa Newala wengi ni Waislamu, na hao wanachanganya Kireno kama hawa wanavyochanganya Kiswahili. Ni kweli tupu, lakini haiivunji hoja. Umbo limebadilika, kazi haijabadilika. Pande zote mbili kinyago humtoa mtoto mmoja na kumrudisha mtu mzima, na aliyepitia huko hutambulikana na wenzake popote alipo. Wamakonde hawakuhitaji kufanana ili wawe ndugu. Korea ilianza na kufanana karibu kwa kila kitu, na kufanana huko hakukuzuia waya wa miiba.

Wala isidhaniwe kwamba wakubwa hawakujaribu kuigusa mila. Masasi, ambako Wamisionari wa Kianglikana waliingia tangu 1876 katikati ya Wamakua na Wayao pamoja na Wamakonde, Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilibatiza, tuseme hivyo, akaliwekea sala na padri. Kwa Waislamu lilipata dua yake. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, baada ya uhuru wa 1975 iliziita mila za namna hii ujinga wa kale na kuzipiga vita, ingawa wapiganaji wake wengi wa Mueda walikuwa wametoka jandoni wenyewe. Mila iliinama, ikabaki.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: Tanzania na Msumbiji hazikupigana, Korea mbili zilipigana na kuuana kwa mamilioni, basi kuzilinganisha ni kuonea. Nakubali kwamba vita vile vilikuwa na nguvu ambayo mila peke yake isingeizuia. Ila Ruvuma nayo ilikuwa mstari wa moto kwa miaka kumi, kuanzia Septemba 1964 Frelimo ilipoanza vita dhidi ya Wareno. Baada ya Wareno kuwafyatulia risasi watu wa Mueda tarehe 16 Juni 1960, na vita vilipokuja kuanza, maelfu walivuka kuja huku. Wapo waliopelekwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Rutamba, na wapo waliofikia kwa jamaa na kugawiwa shamba la mihogo. Filipe Nyusi, aliyezaliwa Mueda mwaka 1959 na kuja kuwa Rais wa Msumbiji, alisoma shule ya msingi ya Frelimo huku Tunduru. Vita vile vile vilivyofunga mpaka kwa Mreno viliufungua kwa ndugu, na vilifanya hivyo kwa kuwa serikali ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikumwona mgeni wa Kimakonde kuwa mpelelezi kwanza na binadamu baadaye.

Sitaki kuupamba udugu huu. Hapa kwetu jina "Mmawia" limetumika kwa dharau juu ya Wamakonde waliotoka Msumbiji, watu wa ndonya ya mdomoni na chale, huku vinyago vyao vya mpingo vikiipa Tanzania sifa duniani kote. Dharau hiyo ilikuwa ya jirani kwa jirani, na haikuwahi kuwekewa faili.

Hatari ni kwamba sasa faili linaweza kufunguliwa. Daraja la Umoja la Mtambaswala, linalovuka Ruvuma kwa urefu wa mita 720, lilizinduliwa mwaka 2010 na Marais Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji, lakini tangu Oktoba 2017 uasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, umeugeuza mpaka kuwa mahali pa hofu, na Oktoba 2020 wauaji walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Ulinzi ni wa lazima. Asiyeukubali hajui kilichotokea Kitaya. Ila mlinzi anayemshuku kila mwenye shangazi Mueda ndiye anayeanza kazi ambayo Korea imekwisha kuimaliza. Wakuu wa wilaya za Newala, Masasi na Nanyumbu wanao wazee wa koo, makungwi na manyakanga wanaojua nani ni wa nani pande zote mbili. Wawaite, wawasikilize, na mtu mwenye msiba ng'ambo apewe njia ya halali ya kwenda kuzika na kurudi.