CHAI NYEUSI YA CHINA NA MAFUTA YA DAMU

 

Wanafunzi wetu wapenzi, husikika mitaani kuwa iko chai ya China inayosafisha mafuta ya damu, na wapo wazee wanaotaka kuacha dawa zao kwa ajili yake. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili.

Lehemu, yaani kolesteroli, si adui. Mwili unaihitaji, na ini lenyewe huitengeneza. Madhara huja inapozidi: hujenga utando ndani ya mishipa ya damu na kuiziba polepole, mpaka moyo au ubongo ukose damu. Kwa kawaida mtu haoni dalili yoyote. Hujulikana kwa kupimwa damu.

Chai inayosemwa huitwa Pu-erh, nayo hutoka jimbo la Yunnan. Mmea wake ni mchai ule ule wa chai yetu, lakini majani yake huvundikwa kwa vijidudu hadi yakawa meusi. Humo hupatikana kiini cha rangi ya kahawia kiitwacho theabraunini.

Mwaka 2019 watafiti wa China walieleza kazi yake. Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo. Nyongo huingia utumboni kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu kubwa hurudi kwenye ini kutumika tena. Theabraunini hupunguza baadhi ya bakteria wa utumboni wanaoibadili nyongo. Hapo ini hutengeneza nyongo zaidi, lehemu hutumika, na nyongo nyingi hutoka na choo.

Hata hivyo, ushahidi wa njia hiyo kwa sehemu kubwa umetokana na panya. Chai yetu ya rangi haivundikwi hivyo, kwa hiyo kiini hicho ni kidogo ndani yake. Tena tukiijaza sukari tunaongeza aina nyingine ya mafuta katika damu.

Basi chai ni kinywaji kizuri, lakini haishiki nafasi ya dawa. Babu au bibi aliyepewa dawa na daktari asiiache kabla ya kumuuliza. Nasi tukumbuke Suratul A'raf, aya ya 31, inavyotukataza israfu katika kula na kunywa.