Kati ya Mapokezi Mawili

Bidoni ya lita 20 hujaa chini ya dakika mbili bomba likitoa lita 12 kwa dakika. Mtiririko ukishuka hadi lita 4, bidoni hiyohiyo huchukua dakika tano, na foleni ikiwa na watu 50, wa mwisho hungoja zaidi ya saa nne. Kwenye ripoti ya mradi mabomba hayo mawili huandikwa sawasawa: bomba moja, limejengwa. Kwa mama aliyepanga foleni Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, moja linamwachia siku yake na jingine linaimaliza.

Profesa wa uhandisi wa mazingira hutumia maisha yake kushughulikia tofauti hiyo. Hufundisha jinsi maji yanavyopita ardhini, namna ya kusafisha majitaka, na mahali mabaki ya mgodi yanapopaswa kuhifadhiwa. Akistaafu au akifariki, hutajwa kwa vitabu vyake na wanafunzi aliowalea, na ni haki yake. Lakini sehemu kubwa ya urithi wake imo mikononi mwa wanafunzi hao, walioenea katika ofisi za mipango, kampuni za ujenzi na idara za maji. Wakazi huuona pale mchoro unapogeuka kuwa mfereji, tangi au bomba.

Mchoro huanza na hesabu ya watu. Kipimo kinachotumika sana katika huduma za dharura ni watu 250 kwa bomba moja, na umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani. Katika nchi ya shaba na kobalti hesabu hiyo haitulii. Wachimbaji wadogo hufuata mawe, na familia zao huwafuata. Mtaa uliohesabiwa mwaka juzi unaweza kuwa umejaa au umehamwa. Maji nayo hutaka kupimwa zaidi ya mara moja, kiangazi na masika, kwa sababu mvua huosha mabaki ya madini na kuyaingiza kwenye mito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita, na cha urani mikrogramu 30. Vipimo hivi hugharimu fedha kabla hata jembe halijagusa udongo, na ndivyo vinavyopunguzwa kwanza bajeti ikibana.

Fedha zenyewe zina njia zake. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka kampuni za migodi zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na inazipa serikali za mahali asilimia 15 ya mrabaha. Tarehe ya fedha kufika ni muhimu kama kiasi chake. Haut-Katanga, jimbo la Likasi, hupata mvua kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, kwa hiyo miezi mizuri ya kuchimba ni Mei hadi Oktoba. Malipo ya Mei yakifika Agosti, miezi mitatu iliyopotea huwa ni nusu ya msimu wa kazi, na mitaro inayoachwa wazi hujaa matope mekundu mvua ya kwanza inaponyesha.

Ujenzi ukianza, vinavyotangulia ni foraji (kisima kirefu) na tangi. Sababu yake inaeleweka: mkandarasi hulipwa kwa awamu, na tangi lililosimama halina ubishi. Matofali hupatikana karibu, mara nyingi kwa udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga, unaoshikana vizuri ukichomwa. Pampu, vali na nyaya hutoka mbali, na malori yanayopitia Zambia husubiri mpakani Kasumbalesa.

Kinachobaki bila kufanywa kwa kawaida ni kile kilichopangwa mwisho: bomba la tawi linalopanda hadi nyumba za juu, shimo la kunyonya maji yanayomwagika, na mita chache za mfereji ambazo zingefikisha maji ya mvua mtoni badala ya uani kwa jirani. Hubaki pia vitu visivyoonekana, kama vipuri na mafunzo ya fundi wa mtaa. Tena kuna mambo ya matumizi ambayo mchoro hauyaonyeshi: nani anashika ufunguo wa kioski cha maji, kinafunguliwa saa ngapi, bidoni ni franki ngapi, na umeme ukikatika nani atanunua mafuta ya jenereta. Bomba zima lililofungwa kufuli saa kumi na moja alfajiri halimsaidii anayekwenda shambani au mgodini saa hiyo.

Gharama huongezeka kwa sababu za kawaida, hata pale ambapo kila mtu amefanya kazi kwa uaminifu. Mwamba huwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa, na maji huwa chini zaidi. Vifaa hununuliwa kwa dola huku vibarua na wauzaji wadogo wakilipwa kwa franki. Njia ya bomba hukutana na nyumba ambayo haikuwepo kwenye ramani, na mwenye nyumba anastahili fidia. Zaidi ya yote, muda wenyewe una bei: mashine iliyosimama hulipiwa kodi, na mlinzi wa stoo hulipwa kila mwezi, kazi iendelee isiendelee.

Mikataba ya ujenzi huwa na mapokezi mawili, ya muda na ya mwisho, na kati yake hupita muda wa dhamana, mara nyingi mwaka mmoja. Sehemu ndogo ya malipo huzuiwa mpaka huo mwaka uishe. Mwaka huo una masika yake na kiangazi chake, yaani kila kitu kinachohitajika ili kuujua ukweli wa mradi. Mara nyingi hupita bila mtu kupima chochote, na mapokezi ya mwisho huwa sahihi tu juu ya karatasi.

Hapo ndipo mwanafunzi wa profesa anaweza kulipa deni lake kwa mwalimu wake. Saa ya mkononi na bidoni moja zinamtosha kwa kipimo cha kwanza. Kila mwezi ajaze bidoni akihesabu dakika, aandike idadi ya watu foleni na saa ambayo kioski kilifunguliwa, na orodha hiyo iwe mezani siku malipo ya mwisho yanapojadiliwa. Na siku ngumu ya kupima aichague mwenyewe: Oktoba, maji yakiwa yamepungua na mvua bado haijaja, kwenye bomba la mwisho, kule juu mtelemkoni. Bidoni ikijaa hapo kwa dakika mbili, kazi imekamilika.