Kumchagua mwalimu mzuri wa ngoma na sarakasi

Mavuno yakishaingia ghalani, ngoma huanza kurindima Usukumani. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili makubwa ya ngoma, hushindana uwanjani, na kila Juni watu hukusanyika Bujora, Kisesa, kwa sikukuu ya Bulabo. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi.

Ndiyo maana mzazi wa Mwakitolyo anayetaka mtoto wake afundishwe ngoma, au kijana anayetoka kwenye duara jioni na kutaka kujiunga na kikundi cha sarakasi, humtafuta mwalimu mwenye umati. Hapo ndipo kosa huanzia. Umati huona onyesho tu. Hauoni miezi ya mazoezi, na huko mazoezini ndiko mwili hujengwa au huharibiwa.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla hujamkabidhi mtu mwili wako au mtoto wako.

Mwalimu anahusikaje na afya?

Katika bugobogobo, mchezaji hurusha na kudaka jembe huku akifuata mdundo. Katika sarakasi, watu hupandiana mabegani, hupinda migongo na hupanda nguzo kwa nguvu za mikono. Mzigo wote huo hubebwa na viganja, mabega, kiuno, magoti na vifundo vya miguu.

Mtoto yuko kwenye hatari zaidi kwa sababu mifupa yake bado inakua. Karibu na ncha za mifupa kuna sehemu laini ya ukuaji, na ikiumia vibaya mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi.

Mwili huimarika polepole. Mwalimu mzuri humpa mwanafunzi hatua moja, akiiweza ndipo humpa nyingine. Mwalimu mbaya humrusha hatua kwa sababu onyesho ni Jumapili.

Tazama mazoezi kabla ya kulipa

Nenda siku mbili tofauti, moja bila taarifa. Angalia haya:

- Je, wanaanza kwa kupasha mwili moto kwa dakika 10 hivi, au wanaingia moja kwa moja kwenye kuruka?
- Uwanja ukoje? Mawe, vipande vya chupa na mashimo yameondolewa? Kwa sarakasi, kuna godoro au mchanga laini pa kuangukia?
- Anayejaribu mtindo mpya ana mtu wa kumshikilia? Nguzo imechimbiwa imara, na mwalimu huitikisa kuikagua kabla mtu hajapanda?
- Kuna maji safi, na wanapumzika kila baada ya dakika 20 hivi? Kiangazi jua ni kali na vumbi ni jingi.
- Mtu akisema "naumia", nini hutokea?

Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mwalimu anayesimamisha zoezi na kuangalia mguu wa mwanafunzi anafaa. Anayecheka, anayetukana au anayempa diklofenaki ili aendelee kucheza hafai, hata kama uwanja wake hujaa. Dawa ya maumivu huficha onyo la mwili, haiponyi kilichochanika. Vivyo hivyo kwa anayewapa vijana pombe, bangi au mirungi "ili wapate nguvu".

Maswali ya kumuuliza

Usione aibu kuuliza. Mwalimu anayejiamini hakasiriki.

- "Mwalimu, wewe ulifundishwa na nani, na kwa muda gani?"
- "Mwanafunzi wako wa mwisho kuumia, ulifanya nini?"
- "Nikija kutazama wakati wowote, kuna tatizo?"
- "Mtoto akikataa mtindo fulani, utafanyaje?"

Kisha ongea na wanafunzi wake wa zamani. Waulize kwa nini waliacha.

Wembe, chale na nyoka

Katika baadhi ya vikundi, hasa vya ngoma ya nyoka vya Wagoyangi na Wayeye, mwanafunzi huchanjwa chale na kupakwa dawa. Desturi hiyo ina heshima yake, na hatuandiki ili kuibeza. Lakini wembe mmoja ukipita kwa watu wawili unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo kila mtu awe na wembe wake mpya, ufunguliwe mbele ya macho yake. Mwalimu akikuambia dawa yake inatosha kukinga, ondoka. Kama wewe au mtoto wako mmekwisha chanjwa kwa wembe wa kuchangia, wahini kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri mnavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri.

Chale pia hazichukui nafasi ya dawa ya hospitali ya kuzuia sumu. Aliyeng'atwa na nyoka atulie, asitembezwe, na apelekwe hospitali haraka. Jeraha lisikatwe, lisifyonzwe, wala lisifungwe kamba ya kubana.

Mipaka ya mwili

Kufundisha ngoma na sarakasi kunahitaji kumgusa mwanafunzi. Mwalimu mzuri husema kwanza anataka kushika wapi na kwa nini, hufanya hivyo mbele ya wengine, na mwanafunzi akikataa humwelekeza kwa maneno.

Kuwa macho ukiona mwalimu anataka kubaki peke yake na mtoto, anapanga mazoezi ya usiku mahali pa faragha, anampa zawadi za siri, au anadai ngono ili mtu apate nafasi ya mbele. Kuwa macho pia kwa anayemwahidi binti kazi ya kucheza dansi baa au mjini, nauli na chumba juu yake, bila kutaka kuonana na wazazi. Hiyo inaweza kuwa njia ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ukiwa na wasiwasi, piga 116 bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kama mtoto amebakwa, mfikishe hospitali ndani ya saa 72. Asioge kwanza.

Kama unafanya kazi mgodini

Anayeshinda karashani au kwenye duara amekwisha kuuchosha mgongo na mabega kabla ya mazoezi kuanza. Mwambie mwalimu kazi unayofanya. Anayefaa atakupunguzia mzigo siku za zamu nzito.

Kuna pia suala la kifua. Vumbi la mawe huharibu mapafu na huongeza hatari ya kifua kikuu. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho usiku au ukipungua uzito, kapime makohozi kabla ya kuendelea na ngoma. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure. Mwalimu anayekutuma ukapime anakulinda wewe na kundi zima.

Ukiumia

Kwa kuteguka kwa kawaida: acha kucheza, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 hivi, funga bandeji bila kubana sana, na inua kiungo. Kwa siku mbili za kwanza usikande kwa maji ya moto, usichue, wala usivutwe.

Nenda kituo cha afya haraka ikiwa:

- huwezi kukanyaga, au kiungo kimepinda;
- unahisi ganzi au mkono na mguu kukosa nguvu;
- umegonga kichwa, kisha unatapika, unachanganyikiwa au kichwa kinazidi kuuma.

Aliyeanguka na kuumwa shingo au mgongo asiinuliwe ovyo. Abaki alivyo, kichwa kishikwe kisitikisike, hadi msaada ufike.

Kumbuka

Uwanjani, acha umati uchague mshindi. Mwalimu mchague wewe, kwa kutazama anavyomtendea mwanafunzi aliyechoka, aliyeogopa au aliyeumia siku ambayo hakuna anayeshangilia.