Motere mpya, freni ngumu: yale tuliyojifunza kwa gari ya jamaa

Juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo mara nyingi tunaambiwa si letu: motere ya gari. Tunalizungumza kwa sababu pesa ya kundi letu iliingia ndani yake, na watoto wetu wawili walikuwa ndani ya gari siku iliposhindwa kusimama.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, ya jamaa ya mwenzetu mmoja wa AVEC. Siku za kazi inapanda Walungu kuchukua mihogo, maharagwe na kabichi, kisha inashusha mizigo soko la Kadutu. Jumapili inabeba jamaa kwenda kanisani. Ilitoka kiwandani na motere ya esansi ya lita 2.4, ile ambayo mafundi wanaijua kwa jina la 22R. Motere ile ilitumika vizuri miaka mingi, lakini mwishoni ilianza kumeza oili, kutoa moshi wa buluu, na kuchoka kila ilipoona mlima. Na ninyi mnajua, hapa Bukavu hakuna njia isiyo na mlima.

Fundi alisema njia ni mbili: kuifungua motere na kuitengeneza upya, au kuiondoa na kuweka motere ya mazutu iliyokwisha kutumika. Mwenzetu akachagua mazutu, akaomba mkopo kwa kundi. Dada mmoja aliuliza kama kazi ile italipa. Baba mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akamjibu kwamba mambo ya motere ni ya wanaume. Tulicheka, tukakubali mkopo, tukaenda nyumbani. Swali lile lilikuwa zuri, na tulipaswa kukaa mpaka lipate jibu.

Kwa nini watu wanapenda mazutu

Jina la dizeli linatoka kwa Rudolf Diesel, fundi Mjerumani ambaye motere yake ilifanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897. Motere ya esansi inawasha mafuta kwa cheche ya buji. Ya mazutu haina cheche. Inabana hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Motere ya esansi ya zamani inabana hewa karibu mara 9. Ya mazutu ya Hilux inaibana zaidi ya mara 20. Ndiyo sababu ni nzito, ina kelele, na inahitaji batri kubwa ili iwake asubuhi.

Faida yake ni kwamba inatumia mafuta kidogo zaidi kwa kazi ileile, na inavuta mzigo bila kukimbia sana. Zile za Toyota zinazotafutwa kwa gari kama hii ni 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Zinapatikana katika Hilux na Hiace za zamani, hazina kompyuta, na mafundi wengi wanazifahamu.

Lakini tusidanganyane juu ya nguvu. Maji ya ziwa Kivu yako kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Fundi akifungulia pampu mafuta mengi ili kurudisha nguvu, hewa haitoshi kuyaunguza. Unachopata ni moshi mweusi na pesa inayotokea bombani.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Tuchukue mfano. Tuseme gari yenye mzigo inakula lita 14 za esansi kwa kilomita 100, na kwa motere ya mazutu inakula lita 10. Tuseme pia bei za esansi na mazutu ni sawa. Unaokoa lita 4 kwa kila kilomita 100.

Sasa tuseme motere, kazi ya fundi na vyuma vingine vyote vimekula pesa ya kununua lita 1,000. Ili pesa hiyo irudi, gari inapaswa kutembea kilomita 25,000. Ikitembea kilomita 200 kwa juma, ni majuma 125, yaani zaidi ya miaka miwili. Ikitembea kilomita 40 tu kwa juma, kwenda soko la karibu na kanisani, ni miaka 12.

Kwa hiyo gari inayofanya kazi ya biashara kila juma inaweza kulipa. Gari inayolala uani siku nyingi haitalipa. Afadhali kutengeneza motere yake ya zamani. Wekeni bei zenu halisi za siku hiyo na mfanye hesabu kwenye daftari la kundi kabla ya kutoa mkopo, wala si baada yake.

Siku ya mteremko

Kazi iliisha, motere ikawaka, wote tukafurahi. Mwenzetu alipokanyaga freni mara ya kwanza akasema ni ngumu kama jiwe. Fundi akamjibu: "Mama, usiogope, iko ngumu kidogo tu, mutazoea." Akalipwa pesa yote siku ileile.

Siku ya tatu gari ilikuwa inatoka Walungu na mifuko ya mihogo nyuma. Watoto wawili waliotoka masomo walikuwa wamepandishwa mbele. Kwenye mteremko wa kuingia mjini shofere alikanyaga freni kwa miguu miwili, na gari ikaendelea kushuka. Chini yake kulikuwa na mama mwenye beseni la sambaza kichwani. Shofere alipiga honi, akakata usukani, akaiingiza gari ndani ya rundo la mchanga wa ujenzi. Mtoto mmoja alipasuka paji la uso, akashonwa. Mama wa sambaza alipoteza beseni lake, lakini yeye mwenyewe hakuguswa. Tunamshukuru Mungu. Hata hivyo hatupendi kumwachia Mungu kazi ambayo fundi alipaswa kuifanya.

Motere inasaidia kusimamisha gari

Fundi mwingine alipofungua boneti alituonyesha kosa kwa dakika chache. Mbele ya pedali ya freni kuna bakuli kubwa jeusi la chuma, mafundi wanaliita mastervaki. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya mguu wa shofere. Linafanya hivyo kwa sababu hewa iliyo upande wake mmoja inanyonywa.

Katika motere ya esansi, motere yenyewe ndiyo inayonyonya hewa ile, kwa mpira unaotoka kwenye njia yake ya kuvutia hewa. Motere ya mazutu ya namna hii inavuta hewa bila kizuizi, basi hainyonyi kwa nguvu ya kutosha. Kwa hiyo watengenezaji waliweka pampu ndogo ya kunyonya hewa. Katika 2L, 3L na 5L pampu hiyo imeshikamana na mgongo wa alternateri, na inalainishwa na oili ya motere.

Motere tuliyonunua iliuzwa bila alternateri yake. Fundi wa kwanza alichukua ile ya motere ya zamani ya esansi, akachomelea kishikizo, akaifunga. Taa ziliwaka na batri ilijaa. Lakini mgongoni pake hapakuwa na pampu, na mpira wa mastervaki ulikuwa umezibwa kwa bulonzi. Gari ilikuwa na motere nzito zaidi kuliko mwanzo, mzigo uleule, na freni zisizo na msaada.

Ilitubidi kutafuta alternateri yenye pampu, mipira yake ya oili na mpira mpya wa freni. Kama tungeuliza mapema, vingekuja pamoja na motere.

Jaribio ambalo kila mama anaweza kulifanya

Jaribio hili halihitaji chombo chochote. Gari ikiwa mahali tambarare na motere imezimwa, kanyaga freni mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Usiondoe mguu. Mwambie mtu awashe motere. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, msaada wa freni unafanya kazi. Isiposhuka, gari isitoke garajini, hata kama fundi ameapa.

Kisha zima motere, ngoja dakika moja, kanyaga tena. Mara ya kwanza na ya pili pedali inapaswa kuwa bado laini. Ikiwa ngumu mara moja, kuna mahali hewa inapitia.

Maswali kabla ya kutoa pesa

Tumekubaliana katika kundi letu kwamba mkopo wa gari hautatoka bila majibu ya maswali haya:

1. Motere ni kamili? Iwe na alternateri yake yenye pampu ya hewa, pampu ya mazutu, stata, na bwati yake ya vitesi. Bwati ya motere ya esansi haikubali kila motere ya mazutu, na kuchomelea vyuma hapo ni hatari.

2. Tangi limesafishwa? Esansi iliyobaki isichanganyike na mazutu. Motere ya mazutu inahitaji pia mpira wa kurudisha mafuta tangini, ambao gari nyingi za esansi hazina.

3. Kuna filta yenye chombo cha kutenga maji? Mafuta yanayouzwa kwa bidoni mara nyingi yana maji na uchafu, na maji ndiyo yanayoua pampu ya mazutu.

4. Resori za mbele na radiateri zinafaa kwa motere nzito zaidi?

5. Namba ya motere itabadilishwa kwenye karatasi za gari? Ombeni fakture ya motere na kuiweka pamoja na karte roze, ili gari isiitwe ya wizi kwenye kizuizi.

Na pesa ya fundi sasa tunaitoa mara tatu: sehemu ya kwanza anapoanza, ya pili motere inapowaka, ya mwisho baada ya jaribio la freni, na gari kupanda na kushuka mlima ikiwa na mzigo. Fundi mzuri hakasiriki kwa utaratibu huu. Yule aliyetutengenezea mara ya pili alisema angependa wateja wote wafanye hivyo.

Moshi na watoto

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni walitangaza kwamba moshi wa dizeli unaleta kansa ya mapafu. Basi gari isiachwe ikinguruma uani asubuhi karibu na dirisha la watoto au jiko. Iwake, itoke. Mazutu yasiwekwe ndani ya chupa ya maji au ya juisi, kwa maana mtoto hajui tofauti. Wala mtu asiyavute kwa mdomo kwa mpira: yakiingia mapafuni yanaweza kuua.

Hilux yetu inafanya kazi tena, na mkopo unarudishwa kila juma. Mtoto amepona, amebaki na alama ndogo juu ya jicho. Dada yule aliyeuliza swali siku ya mkopo, sasa ndiye anayekwenda garajini na mwenye gari yeyote anayekopa kwetu, na ndiye wa kwanza kukanyaga ile pedali.